Barafu Isiyo na Maneno: Kusoma Piano ya Kaskazini Ukiwa Kyimo

Makala haya yanahusu vipande vya piano. Najua kuna ndugu watakaoguna mara moja: hili ni jarida la uhakiki wa fasihi, piano imefuata nini humu? Tena si piano ya kusindikiza mwimbaji, bali piano tupu, iliyotungwa na Wazungu juu ya theluji na barafu za kwao. Nawaomba wavumilie kidogo. Hoja ninayoileta ni ya kifasihi kabisa, na inatugusa sisi tunaofundishwa kila muhula kuigawa kazi mafungu mawili, fani huku na maudhui kule, halafu tukiingia kwenye mtihani tunajaza mafungu hayo kama mtu anayepakia viazi kwenye magunia.

Nimechagua muziki wa namna hii kwa sababu unatubana. Riwaya ikitushinda tunakimbilia wahusika. Shairi likiwa gumu tunafungua kamusi. Kipande cha piano hakina mhusika, hakina neno, hakina kijiji kilichotajwa. Sasa maudhui tutayaokota wapi? Na kama hayamo, mbona mtu anasikiliza dakika tatu nne kisha anasema ameona barafu?

Nianze na chombo chenyewe, maana wengi wetu tuliotoka mikoani tunakiita kinanda, na kinanda tulichokizoea ni kile cha umeme cha kanisani. Piano ni kitu kingine. Ndani yake mna nyuzi za chuma zaidi ya 200. Ukibonyeza kibao kimoja kati ya vile 88, nyundo ndogo iliyovikwa sufu ngumu inapiga uzi na kurudi. Basi. Mwenye tarumbeta anaweza kuanza polepole akaikuza sauti hadi ikajaa uwanja, mwimbaji kadhalika, hata kinanda cha kanisani kinaishikilia sauti muda wote kidole kinapokuwa juu ya kibao. Piano haiwezi. Sauti yake huanza kufa pale pale inapozaliwa, na mpigaji hana tena la kuifanyia isipokuwa kuichelewesha: anakanyaga pedali ya kulia ili nyuzi zisizibwe, sauti inayokufa ichanganyike na inayofuata. Msomaji aliweke hilo akilini. Kwa mtazamo wangu ndilo linalowavuta watunzi wa barafu kwenye piano, kuliko weupe wa vibao au umaridadi wa sebule za Ulaya. Walipata chombo ambacho sauti yake inayeyuka.

Lakini hawakukitumia kwa namna moja, na hapo ndipo uhakiki unapoanzia. Tuchukue wawili. Wa kwanza ni Franz Liszt, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1811. Katika mkusanyo wake wa mazoezi 12 ya piano, ambao sura yake ya mwisho ilitoka mwaka 1852, zoezi la mwisho linaitwa "Chasse-neige", jina la Kifaransa linalogusa theluji inayopeperushwa na upepo. Huyu bwana anajaza. Vidole vinatetemeka kwa kasi toka mwanzo, sauti hazikai, kila pengo linazibwa, na juu ya mtetemo huo unapita wimbo wa huzuni unaofunikwa na kufunuliwa. Ukitaka mfano wa karibu, mfikirie mshairi anayerundika takriri na tanakali za sauti ili usikie dhoruba. Ni kazi ya kutisha kuipiga. Mimi inanichosha kuisikiliza, lakini siwezi kusema hajui anachofanya.

Wa pili ni Claude Debussy, Mfaransa, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1918. Mwaka 1910 alitoa kitabu cha kwanza cha vipande vifupi vya piano alivyoviita "Préludes". Cha sita humo kinaitwa "Des pas sur la neige", yaani nyayo juu ya theluji. Hapa karibu kila kitu kimeondolewa. Kuna kijidokezo cha sauti mbili zinazopanda, kisha nyingine mbili zinazopanda. Wanakwaya wataelewa nikisema kwa sol-fa ni la-ti, halafu ti-do, polepole, la-ti, ti-do, karibu kipande chote. Juu ya hapo unatokea wimbo mfupi, unajaribu kusimama, unakatika. Unajaribu tena mahali pengine, unakatika tena. Kipande kizima kina baa 36 tu. Mtunzi mwenyewe alimwandikia mpigaji maelekezo kwamba kijidokezo kile kisikike kama usuli wa mandhari yenye huzuni na baridi ya barafu. Kwa hiyo theluji yake haianguki, haivumi, haifanyi lolote. Imekwisha kuanguka. Tunachosikia ni anayepita, na kimya kinachomzunguka.

Sasa tazama hila moja ya Debussy ambayo wanafasihi tungepaswa kuifurahia. Katika vitabu vyake vya "Préludes", jina la kipande haliko juu. Liko chini, baada ya baa ya mwisho, ndani ya mabano, limetanguliwa na vitone. Mpigaji anayekifungua kwa mara ya kwanza anakutana na sauti kwanza. Akimaliza ndipo anaambiwa: labda ilikuwa theluji. Vitone vile vinafanya kazi. Vinasema kwamba jina si amri, ni pendekezo. Sisi tumezoea kinyume. Tunaanza na jina la kitabu, tunalifasiri ukurasa mzima chini ya kichwa "Jina la kitabu na uhusiano wake na maudhui", na baada ya hapo kila tunachokiona ndani kinalazimishwa kukubaliana na jalada.

Hila hiyo ndiyo iliyonipa wazo. Nilipokuwa likizo nyumbani Kyimo, nilikuwa na kipande hicho kwenye simu na spika ndogo ya kuazima. Kwa wasiopajua, Kyimo iko wilayani Rungwe, kwenye barabara ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu, pale ambapo migomba na mvua havikuachi. Mwezi wa sita na wa saba kuna siku ukungu unashuka kutoka upande wa Mlima Rungwe hadi huoni nyumba ya jirani. Niliwapigia watu wanne, kila mmoja kwa wakati wake, mara mbili, bila kuwatajia jina. Swali lilikuwa moja: unaona nini?

Bibi yangu, ambaye hapendi kuulizwa ulizwa, alisema ni maji yanayodondoka kwenye migomba mvua ikishakatika. Kaka yangu wa boda boda alisema huyo ni mtu anatembea usiku, hana haraka, ila kuna kitu kinamsumbua kichwani. Mama mdogo alisema ni mtu anayetaka kusema neno akaghairi, akataka tena, akaghairi. Mwalimu wa kwaya, ambaye ndiye pekee kati yao anayesoma nota, hakupendezwa sana. Alisema hapa ni kama sauti ya tatu na ya nne zimefika mazoezini, waimbaji wa sauti ya kwanza bado wako njiani.

Hakuna aliyesema theluji. Angeisemaje? Lakini, ndugu msomaji, yapime majibu hayo tena. Hakuna pia aliyesema harusi. Hakuna aliyesema soko, wala mpira, wala vita. Wote wanne wameona kitu chembamba, kitu kimoja kimoja, kitu ambacho kikubwa chake kimeondoka au hakijafika: mvua imekatika, barabara haina watu, neno limemezwa, kwaya haijatimia. Mwalimu wa kwaya, pamoja na kulalamika kwake, amekitambua kipande kwa usahihi kuliko vitabu vingi, kwa sababu ametaja pengo lenyewe na mahali lilipo.

Nilipowatajia jina, kaka alipiga kofi: "Si nilisema anatembea!" Bibi yeye akauliza, "Theluji ndiyo ile ya kwenye friji, mjukuu wangu?" Nikamweleza kwamba inashuka kutoka juu, inalala chini nene na nyeupe, na ikiwa mpya inameza sauti, hata hatua za mtu husikii vizuri. Akafikiri, kisha akasema, "Basi ni ukungu huo."

Siichukui kauli ya Bibi kama kichekesho. Katika kipande kile weupe hausikiki, wala baridi haisikiki. Piano haina rangi wala joto. Kinachosikika ni ule umbali kati ya sauti na sauti, na jinsi kila sauti inavyofifia kabla ya nyingine kufika. Hilo ndilo theluji na ukungu wa Kyimo vinashiriki. Bibi aliruka jina akaenda moja kwa moja kwenye umbo. Ndiyo kusema kwamba mtu ambaye hajaiona theluji hata siku moja hakupungukiwa na kitu cha lazima ili kukisoma kipande hicho. Alipungukiwa na jina tu, na jina lenyewe mtunzi alilificha mwisho kwa makusudi.

Hapa niseme kidogo kuhusu maneno, maana Kiswahili chetu nacho kina kisa. Tuna "theluji" na tuna "barafu", na yote mawili ni ya kuja. La kwanza ni la Kiarabu. La pili ni la Kiajemi, na huko Uajemi maana yake ni theluji, siyo jiwe la maji lililoganda tunalonunua gengeni. Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipoandika habari hiyo alisema mmoja wa watu waliomwongoza hakuwa na jina la ule weupe ila "baridi". Wataalamu wa jiografia kule London, hasa Cooley, walimbishia kwa miaka: eti theluji karibu na ikweta haiwezekani. Wao walikuwa na neno, wakakana kitu. Yule mwongoza njia alikuwa na kitu mbele yake, akakitaja kwa kile kinachomfanyia mwili. Mimi ningemweka yule mwongoza njia upande mmoja na Debussy. Baridi siyo jina la weupe, ni jina la kinachotokea kwako ukiukaribia.

Nije kwenye kipande cha tatu, ambacho wengi wameshakiona kwenye simu zao. Mwezi Juni mwaka 2016 Mwitaliano Ludovico Einaudi alipelekwa na shirika la Greenpeace hadi Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo karibu na ncha ya kaskazini. Piano kubwa iliwekwa juu ya jukwaa jeupe linaloelea, mbele ya mto wa barafu uitwao Wahlenbergbreen. Akapiga kipande alichokitunga kwa ajili hiyo, "Elegy for the Arctic". Kusudi lilikuwa kuzisukuma serikali zilinde bahari ile. Katika filamu ile kuna vipande vya barafu vinaelea pembeni ya jukwaa, na nyuma yake ukuta wa barafu unameguka na kuanguka majini naye anaendelea kupiga.

Filamu inatisha na kupendeza. Lakini mhakiki ana wajibu wa kufumba macho. Nilifumba. Nilichosikia ni mfuatano wa sauti uliotulia, unaorudiwa, unaokua kidogo na kurudi chini. Mzuri, laini, na ungeweza kuwekwa kwenye filamu ya wapenzi walioachana bila mtu kustuka. Kwa Debussy pengo limo ndani ya sauti. Kwa Einaudi pengo liko kwenye picha, na muziki unakaa mbele yake kwa adabu. Kazi kubwa inafanywa na jukwaa, barafu inayoanguka, na lile neno la kwanza kwenye jina: elegy. Neno hilo sisi tunalo. Ni tanzia.

Hapo ndipo Bibi alipoleta ubishi wa kweli. Nilimpigia na hiki, bila picha. Alisema, "Huyu anabembeleza mtoto." Nikamwambia ni tanzia, ni wimbo wa msiba. Akakataa kabisa. "Msiba gani wa kimya hivyo? Hao wafiwa wako wapi?"

Tusimdharau. Monica Wilson, aliyeishi kwetu Unyakyusa na kuchunguza maisha ya watu katika miaka ya 1930, aliandika kwa kirefu juu ya mazishi ya wakati ule: wanawake wakilia kwa sauti, ngoma zikipigwa, wanaume wakicheza na mikuki hadi vumbi likasimama. Huzuni ilikuwa na kishindo na watu wengi. Leo msiba wa Kyimo una kwaya, una tarumbeta, una turubai na spika, lakini bado ni kelele za watu waliokusanyika. Sasa sisi wanafunzi, tukisikia piano ya polepole yenye sauti chache, tunaandika haraka haraka: "mwandishi anaonesha huzuni." Nani alituambia polepole ni huzuni? Tulifundishwa na sinema. Ni makubaliano ya jamii fulani, kama vile vina na mizani vilivyo makubaliano, na yanaweza kusomwa vingine mahali pengine. Kwa Bibi, polepole na kurudiarudia ni mbeleko.

Kwa hiyo tuna mambo mawili ambayo kwa juu yanapingana. Nyayo za Debussy zimevuka hadi Kyimo bila pasipoti, karibu kila msikilizaji akashika kitu kile kile kwa jina tofauti. Tanzia ya Einaudi imekwama mpakani. Tofauti, naona, ni kwamba kipande cha kwanza kinategemea umbo ambalo mwili wa binadamu unalijua popote, yaani hatua, tone, pumzi, kukatika. Cha pili kinategemea zaidi desturi ya huzuni ya mahali fulani, pamoja na picha. Sisemi kwamba cha pili ni kibaya. Nasema kinahitaji maelezo zaidi kikisafiri, na kinayahitaji kwa sababu ya namna kilivyojengwa.

Kuna atakayeuliza: hivi yote haya si mchezo wa kigeni tu? Mtoto wa Rungwe na muziki wa barafu wapi na wapi? Jibu langu ni la kihistoria, na nashangaa kwamba halisemwi mara nyingi nyumbani. Kanisa la Moravian lilianzisha misheni ya Rungwe mwaka 1891. Kanisa hilo hilo, kutoka Herrnhut ile ile ya Ujerumani, lilikuwa limekwenda Greenland mwaka 1733, na mwaka 1771 likaanzisha Nain kwenye pwani ya Labrador, ambayo leo ni Kanada. Huko kote lilikwenda na muziki. Wainuiti wa Labrador walijifunza fidla, tarumbeta na kinanda, wakaimba kwa sauti nne katika lugha yao wenyewe, na baada ya muda muziki ule ukawa wao, wakiuongoza wenyewe. Kwa hiyo mtu wa Nain anayepuliza tarumbeta ya shaba alfajiri ya Pasaka na mtu wa Rungwe anayefanya vivyo hivyo ni kama wanafunzi wa darasa moja waliokaa madawati ya mbali. Mmoja ana barafu ya bahari mbele yake, mwingine ana ukungu na chai.

Na hapa pana jambo lililonikalia vibaya kichwani kwa wiki nzima. Wainuiti walikaa ndani ya barafu, wakapata vyombo vile vile vya Ulaya, na muziki walioujenga kwa vyombo hivyo katika Kanisa haukuwa muziki wa barafu. Walipiga kwa ajili ya Pasaka, Krismasi, maziko, kuwakaribisha wageni. Muziki wa barafu uliandikwa na mtu wa Paris, na kabla yake na mtu aliyezunguka kumbi za Ulaya. Barafu kama mandhari, kama kitu cha kutazamwa na kuhuzunikiwa, ni jicho la mgeni. Angalia hata kwetu: uwanda wa Kitulo, ng'ambo ya Rungwe, ambao umekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, huitwa Bustani ya Mungu na wanaokwenda kutazama maua. Muulize anayekwenda kule alfajiri ya mwezi wa saba, majani yakiwa na umande ulioganda, kama atakujibu habari za bustani. Rebmann naye alikuwa mgeni. Ukisoma ushairi wetu unaosifia mandhari, jiulize mshairi amesimama wapi, na amefika lini.

Hili halimpunguzii Debussy kitu. Yeye hakujifanya mwenyeji. Nyayo zile ni za mtu anayepita, na huenda ndiyo maana kipande ni cha kweli. Linamgusa zaidi Einaudi, lakini kwa namna ambayo sikuitarajia, na inanifanya nimtetee kidogo mbele ya Bibi. Mwaka 2016 barafu haikuwa mandhari tu ya kutazama. Ilikuwa inaondoka. Na kuondoka huko si msiba wa watu wa kaskazini peke yao: wanasayansi waliolinganisha ramani na picha walikuta kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake la barafu. Ule weupe ambao Rebmann alibishiwa uko njiani kumfanya Cooley awe sahihi, akiwa kaburini. Kwa hiyo Bibi alipouliza wafiwa wako wapi, jibu mojawapo ni kwamba tumo. Ila hilo silisikii katika sauti za piano ile. Nalijua kwa kusoma. Siwezi kuandika kwenye karatasi ya mtihani kwamba muziki umesema jambo ambalo limesemwa na ramani.

Turudi basi kwenye magunia yetu mawili. Mwaka 1854 mhakiki wa Vienna, Eduard Hanslick, alitoa kitabu akidai kwamba maudhui ya muziki si huzuni wala furaha wala mandhari, bali ni maumbo ya sauti yanayojongea, basi. Wapinzani wake walisema huyo ni mkavu. Nikiwa Kyimo na spika ya kuazima nimemwona ana haki nusu. Ana haki kwamba theluji haimo ndani ya piano kama wali ulivyo ndani ya sufuria. Hana haki akidhani kwamba ikishaondolewa theluji hakuna kinachobaki isipokuwa pambo. Kimebaki kitu ambacho bibi, dereva, mama na mwalimu walikishika kila mmoja kwa mkono wake, na hakuna aliyekosea kabisa.

Kitu hicho kiko gunia gani? Ukikiita fani, umesema uongo, maana wao walieleza maana: upweke, kughairi, kungoja. Ukikiita maudhui, nionyeshe mahali kilipo nje ya la-ti, ti-do na kimya kinachofuata. Huwezi kukitoa. Ukiongeza mwendo mara mbili, mtembea usiku anakuwa mtu anayewahi basi. Ukijaza mapengo yale, mwalimu wa kwaya anaridhika na Bibi hana tena tone la kusikia.

Naamini ndiyo sababu tunahangaika na kazi kama "Nagona" ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, na "Mzingile" iliyoifuata mwaka 1991. Tunaingia na magunia yetu, tunatafuta kisa, kisa kinakatika. Tunatafuta dhamira ya ujenzi wa jamii mpya, haikamatiki. Tunatoka tukisema mwandishi ni mgumu, au eti ameandika kwa ajili ya wasomi wenzake. Lakini kukatika kule ni sehemu ya kinachosemwa. Mtu aliyewahi kukaa na nyayo za Debussy dakika nne, akakubali kwamba wimbo unaojaribu kusimama na kushindwa haungoji kumalizwa na msikilizaji, ataisoma "Nagona" kwa subira zaidi. Sisemi ataielewa. Mimi bado nabishana nayo.

Wapo watakaosema hii ni njia ya kuingiza Uzungu kwenye uhakiki wa Kiswahili kwa mlango wa nyuma. Kwa hilo nawakumbusha kwamba Akin Euba wa Nigeria alitumia sehemu kubwa ya maisha yake, hadi alipofariki mwaka 2020, akionyesha jinsi piano inavyoweza kupigwa kwa akili ya ngoma za Kiafrika, na J. H. Kwabena Nketia wa Ghana alichapisha vipande vya kufundishia piano kwa mtindo huo mwaka 1994. Chombo hakina kabila. Ningependa sana kusikia mtu wa kwetu akitunga kipande cha piano juu ya ukungu wa Rungwe au umande wa Kitulo, kisha akaliweka jina mwisho, ndani ya mabano, ili tubishane kabla ya kulifikia.

Mpaka hapo atakapotokea, nina pendekezo kwa wenzangu wa mwaka wa pili na wa tatu, na kwa mwalimu yeyote atakayependa kukaa nyuma ya darasa. Kwenye kikao chetu kijacho tuzime picha, tupige vipande vitatu ambavyo majina yake nitayafunga kwenye bahasha, na kila mmoja aandike mistari mitano kabla hajasikia mwenzake ameandika nini. Kimojawapo kitakuwa Liszt, maana kuna rafiki yangu anadai nimemwonea. Spika niliyotumia Kyimo imesharudi kwa mwenyewe, kwa hiyo aliye na nzuri aje nayo.